Jicho la Mpita Njia: Tarehe ya Picha Nyeusi na Nyeupe katika Karagwe na Kyerwa

Kamera ya kwanza iliyokusudiwa kufika Karagwe haikufika. Ilitoka Zanzibar mwaka 1860 pamoja na msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili. Na huko Zanzibar Grant alikuwa amekwisha kuitumia, akapiga picha ambazo leo zahesabiwa kuwa miongoni mwa za kale kabisa zilizobaki za mji ule. Lakini upigaji picha wa zama hizo haukuwa jambo la kubonyeza kidude na kwenda zako. Mpiga picha alipaswa kukipaka kioo dawa nzito ya kunata, akitumbukize katika maji ya dawa ya fedha, akitie katika kamera kingali kibichi, apige, kisha akisafishe pale pale kabla hakijakauka. Na yote hayo, isipokuwa kule kupiga kwenyewe, ayatende ndani ya hema dogo lililozibwa kila upenyo, lisipitishe mwanga wala upepo. Speke alipomwona mwenzake akitokota humo kwa joto la nyika, alitambua kwamba kazi hiyo ikiendelea itamwua. Basi kamera ikarudishwa pwani pamoja na wagonjwa wa msafara, Karagwe ikiwa bado mbali sana, na Grant akabaki na penseli, karatasi na rangi za maji.

Hivyo Karagwe iliingia machoni mwa walimwengu kwa mkono wa mchoraji. Wasafiri hao walifika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861, katika makao yake ya Bweranyange, juu ya kilima kinachotazama ziwa dogo ambalo Speke, kwa desturi ya wapita njia wa zama zake, alilipa papo hapo jina la ziwa la kwao Uingereza, akaliita Windermere Ndogo. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao Speke hakuchoka kuusifu. Mwezi wa Januari 1862 Speke akashika njia ya Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya cha mguu, hakuweza kusimama, seuze kutembea, akaachwa mikononi mwa wenyeji wake hadi mwezi wa Aprili. Ugonjwa huo ndio uliotupatia sehemu kubwa ya michoro ya Karagwe, maana mtu asiyeweza kwenda popote hana budi kukitazama kilicho mbele yake. Michoro ikachukuliwa London. Johann Baptist Zwecker, ambaye Karagwe hakuijua ila kwa karatasi hizo, akaichora upya. Mafundi wa kuchonga mbao wakaikata. Na kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863 msomaji wa Ulaya alidhani anamtazama Rumanyika, kumbe alikuwa akitazama kazi ya mikono ya watu watatu, ambao mmoja wao tu ndiye aliyemwona. Rangi za maji zenyewe zimo hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh.

Limo katika kitabu hicho tukio moja ambalo wasomaji wengi hulipita kwa kicheko au kwa hasira, nalo lastahili kutazamwa kwa utulivu. Katika nyumba ya Rumanyika wanawake wa heshima walinyweshwa maziwa kwa wingi hata wakanenepa kupita kiasi, kwa kuwa unene ulikuwa alama ya neema na hadhi. Speke alitamani kumpima mmoja wao, shemeji yake Mukama: mkono, kifua, paja na kimo. Akijua kwamba ombi kama hilo halikubaliki bure, alimwahidi bibi yule kwamba yeye naye atamwonyesha mikono na miguu yake mitupu, na bibi akairidhia biashara hiyo. Mzungu akakunja nguo, akatazamwa kwa wasaa. Ndipo naye akapima, akaandika vipimo vyake. Kwa muda mfupi, ndani ya msonge ule, kutazama kulikuwa na pande mbili, kila upande ukilipa na kulipwa. Walakini alichokiona Speke kilichapishwa London pamoja na futi na inchi zake, na alichokiona yule bibi hakikuandikwa na mtu. Jina lake pia halikuandikwa. Mtu atakaye kuifahamu tarehe ya picha katika nchi hii na aukumbuke mkataba huo, jinsi ulivyokuwa wa haki ulipofungwa na jinsi upande mmoja ulivyopotea baadaye, kwa sababu jambo lile lile limerudiwa tena na tena, kwa kalamu, kwa kioo na kwa mkanda.

Henry Morton Stanley alikuja mwaka 1876, naye alikuwa na kamera, akiwa mwaka uliotangulia amempiga picha Kabaka Muteesa pamoja na wakubwa wake huko Buganda. Rumanyika alimwonyesha nyumba yake ya hazina, penye bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki na vyuma vya kifalme vilivyofuliwa kwa ustadi ambao hata leo wajuzi wa sanaa huustaajabia. Ufalme ulipoingia chini ya Wajerumani, ambao ngome yao ya Bukoba iliwekwa na Emin Pasha mwaka 1890, hazina hiyo nayo ilianza kusafiri, na baadhi ya vyuma hivyo vya Karagwe vimo katika Linden-Museum ya Stuttgart. Picha zilifuata njia hiyo hiyo. Mwezi wa Juni 1907 Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg, alitoka Bukoba na msafara mkubwa wa wataalamu, wakashika njia ya mto Kagera kwenda Mpororo na Rwanda, wakipiga picha kila mahali, na kitabu chake kilitoka mwaka 1909 kimejaa picha. Wamisionari nao, Mapadri Weupe waliokuwa wamefika Kashozi mwaka 1892 na Walutheri wa Bethel walioingia Bukoba mwaka 1910, walipiga picha za shule, za makanisa na za wabatizwa, wakazipeleka kwa wafadhili wao. Na za Bethel zimehifadhiwa Wuppertal.

Si haki kusema kwamba watu hao wote walikuwa na nia mbaya, na wala hatuna haja ya kusema hivyo. Pasipo wao tusingekuwa na sura ya misonge mikubwa ya zamani, wala ng'ombe wenye pembe ndefu, wala kivuko cha Kagera kabla ya madaraja. Lakini tutazame maandishi yaliyo chini ya picha hizo: aghalabu ni jina la kabila, au kazi ya mtu, au jina la mlima, na ni mara chache kukuta jina la mtu mwenyewe asiyekuwa mtawala. Na tutazame mahali zilipo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo ya picha mgeni alikuja akapona yeye, na mwenyeji wa Bweranyange atakaye kuuona uso wa babu wa babu yake hana budi kuomba visa kwanza.

Tuiache Karagwe kidogo, tumtazame mtu ambaye jina lake halikosekani mahali popote panapozungumzwa habari za picha nyeusi na nyeupe za mitaani. Henri Cartier-Bresson alizaliwa Ufaransa mwaka 1908, akasomea uchoraji, na alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alikwenda Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Côte d'Ivoire, akaishi kwa kuwinda na kuwauzia watu nyama. Alikuwa na kamera kuukuu. Unyevu wa nchi ukaingia ndani yake, hata mikanda iliposafishwa ilionekana imefunikwa na alama kama za majani ya msituni. Homa ya maji meusi ikamshika karibu imwue, akarudi kwao. Bara hili, kwa joto na kwa unyevu, liliwashinda hivyo Waingereza wa 1860 na Mfaransa wa 1931. Aliporudi ndipo alipoiona picha ya Mhungari Martin Munkácsi, ya vijana watatu weusi wakikimbilia mawimbini, uchi, kwa furaha isiyo na kifani. Kwa miaka mingi picha hiyo imeitwa kwa jina la Ziwa Tanganyika, ijapokuwa watafiti wa baadaye wameelekea kusema ilipigwa Liberia. Vyovyote iwavyo, Cartier-Bresson alikiri maisha yake yote kwamba ndiyo iliyomfahamisha kuwa kamera yaweza kukikamata kitambo kimoja cha uhai kisichorudi tena. Mwaka 1932 akanunua kamera ndogo ya Leica, akaziziba kwa rangi nyeusi sehemu zake zing'aazo ili watu wasiione, akaingia mitaani.

Ustadi wake wajulikana. Alichagua mahali penye umbo zuri, ukuta, ngazi au kivuli, akasubiri mpaka mtu aingie humo kwa hatua inayofaa, akapiga mara moja. Hakutumia taa, hakuwapanga watu, hakupenda picha zake zikatwe pembeni, na rangi hakuitaka. Mwaka 1947 yeye na wenzake, Robert Capa na David Seymour na George Rodger, walianzisha shirika la wapiga picha la Magnum, na kitabu chake cha mwaka 1952 kikawa msahafu wa vijana wa kamera duniani kote. Katika Afrika ya Mashariki taathira ya magazeti ya picha ya wakati ule ilionekana kwa Priya Ramrakha wa Nairobi, aliyeuawa kazini Biafra mwaka 1968, na kwa Mohamed Amin, aliyeifungua Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963. Jambo moja tu la maisha ya Cartier-Bresson tuliweke akiba: yeye aliyewapiga watu picha bila ya wao kujua hakupenda kabisa kupigwa picha, akauficha uso wake kila alipoweza, akisema kwa tendo kwamba mtu asiyejulikana sura ana uhuru ambao mwenye sura ijulikanayo hana.

Hapa ndipo njia ya Paris na njia ya Omurushaka, huko Karagwe, zinapoachana. Ustadi wa kupiga kwa kuvizia wahitaji mji wa watu wasiojuana. Mpita njia wa Paris hapigi hodi, hamsalimu mtu, na akishapiga picha anapotelea katika umati, naye aliyepigwa hatamwona tena maishani. Lakini Omurushaka, pale barabara itokayo Kyaka inapokutana na ile iendayo Nkwenda na Murongo, siku ya gulio, kila mtu ni mtoto wa mtu. Anayeuza ndizi ni mke wa fulani wa Nyabiyonza, anayepakia magunia ya kahawa alisoma na kaka yako Bugene, na mzee mwenye kanzu na koti aliyeketi kivulini alimfahamu baba yako kabla hujazaliwa. Mwenye kamera akijaribu kuvizia ataitwa kwa jina lake. Kwa hiyo picha ya mwenyeji haikuweza kuzaliwa kwa kuvizia; ilizaliwa kwa salamu, kwa mapatano na kwa malipo, nayo ndiyo iliyobaki.

Kazi hii ya picha za mapatano ilikuja na barabara, na kahawa, na shule. Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa tangu karne ya kumi na tisa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alikuwa amefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Upande huu wa Ziwa Viktoria, mtu wa Murongo au Kaisho alikuwa jirani wa Mbarara kuliko wa Mwanza, na huko Mbarara mwalimu wa useremala aitwaye Musa Katuramu aliwapiga picha watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930. Mikanda yake ilihifadhiwa na jamaa zake, na katika miaka ya 2010 mradi wa History in Progress Uganda uliitoa hadharani. Ndani yake hamna kuvizia: watu wamesimama mbele ya nyumba zao, na baiskeli zao, na watoto wao, wakimtazama mtu wanayemjua. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, na Wanyankole ni jamaa kwa lugha na kwa ng'ombe, na Kagera kwao ni mto wa kuvuka. Desturi ya picha za namna hiyo ilikuwa moja pande zote mbili, na bado yaonekana kutani katika nyumba nyingi za Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda na Isingiro.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mkanda mpana uliotumiwa sana na studio za mashamba ulitoa picha 12 za mraba, au 8 za mstatili, wala fundi hakuusafisha kabla haujajaa. Kwa hiyo aliyepigwa wa kwanza alingoja hata waje wengine kumi na mmoja, na mara nyingi ni msimu wa kahawa, fedha zilipoingia mikononi, ndio uliowaleta. Palipokosekana umeme fundi aliyejua kazi hakushindwa. Aliziba dirisha la chumba kwa blanketi, akaufunika mkanda juu ya karatasi ya dawa chini ya kioo, akafunua taa ya kandili kwa hesabu ya sekunde kadhaa, akaifunika. Kisha, kwa mwanga wa taa iliyovishwa kitambaa chekundu, akaitia karatasi katika sinia la kwanza la dawa. Hapo uso hutokea: kwanza macho na nywele, kisha kivuli cha shingo, mwisho shati. Baada ya hapo sinia la pili la maji, la tatu la dawa ya kugandisha, halafu kuoshwa.

Na kuosha huko ndiko kulikopima uaminifu wa fundi. Dawa ya kugandisha ikibaki ndani ya karatasi, picha haiharibiki leo wala kesho. Huanza kutoa madoa ya manjano na kahawia baada ya miaka, mwenye studio akiwa amekwisha kuhama au kufa. Kuiondoa kwahitaji maji safi yabadilishwe mara nyingi, na katika nchi ya vilima kama Karagwe, ambako makazi yako juu na visima viko mabondeni, kila ndoo ilipandishwa kichwani. Aliyekuwa mchoyo wa maji aliwauzia watu picha za muda. Aliyekuwa mkarimu aliwauzia urithi. Picha iliyooshwa vema sura yake ni chembe za fedha, nazo hustahimili. Ilhali nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980, zilizotokana na wino wa dawa, zimegeuka nyekundu nyekundu na nyuso zimefifia. Hiyo ndiyo sababu katika nyumba moja twaweza kumwona babu kwa uwazi kuliko mjukuu wake.

Aliyepigwa alikuwa na amri juu ya sura yake. Alivaa alichokitaka, au alichokiazima: koti la studio, saa ya mkononi, miwani isiyo na kazi. Aliweka redio mapajani, akashika maua ya plastiki, au akaegemea baiskeli. Mama akavaa gomesi lenye mabega yaliyosimama, au kanga mbili mpya. Wachumba wakakaa mbele ya pazia lililochorwa ziwa na mnazi katika nchi isiyo na mnazi. Wapo wanaoziita picha hizo za uongo. Lakini uongo wa koti la kuazima ni wa nani? Ni wa mwenye uso, ambaye aliamua aonekane hivyo na wajukuu wake, naye alilipa fedha zake. Ukiigeuza picha nyuma utakuta muhuri wa mpira wa studio, tarehe, na kwa kalamu ya wino maneno ya ukumbusho kwa ndugu, kwa rafiki au kwa mchumba, pamoja na jina kamili la aliyepigwa. Jina hilo, ambalo kitabu cha mwaka 1863 hakikuona haja ya kuliuliza kwa shemeji yake Rumanyika, limeandikwa na mwenyewe.

Miaka ya dhiki ikafuata. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na siku chache baadaye daraja la Kyaka, ambalo ndilo mlango wa Karagwe kwa mtu atokaye Bukoba, likavunjwa. Baada ya vita nchi ilipungukiwa fedha za kigeni, na filamu na karatasi za picha, zote zikiwa bidhaa za kutoka nje, ziliadimika pamoja na sabuni na betri. Kisha zikaja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja katika miji mikubwa. Mkanda ukatumwa Bukoba au Mwanza, ukarudi na bahasha. Fundi wa chumba cha giza akawa wakala wa kupeleka na kupokea, na masinia yake yakapewa kazi nyingine jikoni.

Ndipo picha nyeusi na nyeupe ikarudi kwa mlango mwingine, nayo ikarudi na wapita njia. Kwa muda wa saa 24, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda kuingia Ngara, wilaya iliyo jirani na Karagwe, na kambi ya Benaco ikawa kwa ghafla mji mkubwa kupita miji yote ya mkoa. Karagwe nayo ilipokea wakimbizi, wakapigiwa kambi katika maeneo yake, wakiwemo wengi waliokuwa na jamaa upande huu wa mto. Wakakaa hata serikali ilipoamuru warejee mwishoni mwa mwaka 1996. Miongoni mwa wapiga picha waliokuja Benaco alikuwamo Sebastião Salgado wa Brazili, mstadi mkuu wa picha nyeusi na nyeupe wa kizazi kilichomfuata Cartier-Bresson, ambaye alikuwa pia mwanachama wa Magnum hadi mwaka huo huo wa 1994.

Kuna jambo katika maisha ya Salgado ambalo mkulima wa Karagwe atalielewa upesi. Mtu huyo hakuanza kwa picha, alianza kwa kahawa. Alizaliwa mwaka 1944 katika jimbo la Minas Gerais, akasomea uchumi, na tangu mwaka 1971 hadi 1973 aliajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa mjini London. Ilikuwa katika safari za kazi hiyo barani Afrika ndipo alipoona kwamba kamera aliyoazima kwa mkewe yampendeza kuliko ripoti za bei. Kahawa hiyo hiyo, ambayo bei yake huamuliwa mbali na Kayanga, ndiyo iliyokuwa ikiwalipa mafundi wa studio za Karagwe. Mwaka 2015 Salgado alitoa kitabu cha picha za wakulima wa kahawa wa nchi kumi, Tanzania ikiwamo; na alifariki mwaka 2025.

Picha zake za Benaco, zilizochapishwa mwaka 2000 katika kitabu chake cha wahamaji wa dunia, ni nzuri hata uzuri wenyewe ukawa mashitaka. Moshi wa mioto ya kupikia umetanda kama ukungu wa asubuhi, mwanga umepenya kutoka juu, na maelfu ya watu wamepangika kana kwamba mchoraji wa makanisa ndiye aliyewapanga. Mwaka 2003 mwandishi Susan Sontag wa Marekani alimlaumu si kwa uzuri huo, bali kwa maelezo yaliyo chini ya picha, ambayo hayawataji watu kwa majina. Akatoa hoja kwamba picha ya mtu mashuhuri ikipewa jina na ya mnyonge ikanyimwa, mnyonge anakuwa mfano tu wa kabila lake, wa kazi yake au wa msiba wake. Mtu anayezijua picha za msafara wa mwaka 1907 hataona hoja hiyo kuwa ngeni. Salgado alikuwa na huruma ambayo wengi wa wapiga picha wa mwanzo wa karne hawakuwa nayo, alikaa na watu, akarudi kwao, akaumwa moyo kwa aliyoyaona Rwanda hata akaacha kazi kwa muda; na pamoja na hayo yote, kwa habari ya jina, kitabu chake kiko upande wa Speke, na picha ya mwanafunzi yeyote wa Bugene, yenye jina lake na muhuri wa studio, iko upande wa pili.

Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya yake mwaka 2012, makao makuu yakawekwa Rubwera. Na mwaka huo huo Kodak, kampuni iliyowatia watu wa dunia nzima kamera mikononi, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Simu sasa ndiyo kamera ya kila mtu, na kijana wa Kayanga aliyezikuta picha za Cartier-Bresson kwenye intaneti aweza kuigeuza picha ya stendi ya bodaboda kuwa nyeusi na nyeupe kwa kidole kimoja. Hatumlaumu. Rangi ikiondoka, jicho hubaki na umbo, kivuli na mwendo, na vilima vya Karagwe, pamoja na migomba yake na ukungu wa asubuhi, ni shule nzuri ya mambo hayo matatu. Achukue kwa mstadi huyo subira ya kungoja, na ujasiri wa kutopiga kisichostahili, na adabu ya kutokata kata alichokiona. Lakini kule kuvizia akuache huko huko Paris, si kwa sababu sheria yaweza kumkataza, bali kwa sababu kuvizia ni ustadi wa mtu asiye na jamaa mahali alipo, na yeye anao.

Wala asidhani kwamba akisalimu kwanza atapoteza kile kitambo kimoja kinachopita. Salamu za Wanyambo ni ndefu. Mtu hawezi kusimama kwa ukakamavu muda wote huo. Baada ya kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua, mzee hurudi katika kikao chake cha kawaida, muuza ndizi hurudia kubishana na mteja wake, na mwenye kamera, ambaye sasa ni mtu wa pale, husahauliwa. Hapo ndipo apige, na apige kwa kungoja kule kule kwa Cartier-Bresson. Katuramu aliishi miongoni mwa watu aliowapiga, na mikanda yake haikupungukiwa na uhai kwa sababu hiyo.

Kuna kazi nyingine, isiyo na sifa nyingi, ambayo vijana hao hao waweza kuifanya kuliko chuo chochote cha ng'ambo. Picha za studio za miaka ya 1960 na 1970 zimo katika masanduku ya bati, katika kurasa za Biblia na katika fremu zilizoliwa na mchwa. Wanaowajua waliomo ni wazee, nao wanapungua. Zinakiliwe kwa ruhusa ya wenyewe, ziandikwe majina, vijiji na miaka kwa kadiri ikumbukwavyo, na nakala ikae mahali penye ulinzi, iwe parokiani, shuleni au halmashauri, huku asili ikibaki kwa mwenyewe. Kurudisha vyuma vya Bweranyange kutoka Stuttgart ni shauri la serikali na serikali, nalo laweza kuchukua miaka; kumwuliza bibi jina la dada yake aliye katika picha ni shauri la alasiri moja, na halihitaji kibali cha mtu yeyote ila chake yeye. Pasipo majina hayo, picha tulizozilipia wenyewe zitakuwa baada ya kizazi kimoja sawasawa na zile za wapita njia: sura nzuri za watu wasiojulikana, na safari hii hapatakuwa na mgeni wa kulaumiwa.